NDEGE ZINAZORUKA ZENYEWE: UKISHA KUIACHILIA, BASI



Mukisikia maneno «ndege inayoruka yenyewe», najua wengi munafikiri drone, sawa zile zinazopeleka damu ku hospitali za Rwanda tangu mwaka wa 2016. Ni kweli, drone inaruka bila mtu ndani, lakini iko na kompyuta tumboni. Upepo ukiisukuma, kompyuta inajua, inairudisha njiani. Leo nataka kuwaeleza ndege ingine, ya zamani kuliko hiyo, na kwa maoni yangu ya kushangaza zaidi. Ni modeli ndogo isiyo na kompyuta ya kuionyesha njia, isiyo na kamba, wala mtu chini wa kuiongoza kwa radio. Mwenyewe anaiachilia mkononi, inaondoka, na tangu saa ile hawezi kuifanyia kitu tena. Anabakia paka kutazama. Wafaransa wanaita mchezo huu «vol libre», ni kusema kuruka kwa uhuru, na watu wazima wanaushindania mpaka shampiona ya dunia.

Nilianza kutafuta habari hizi kwa sababu ya modeli yetu wenyewe, ile iliyopotea.

Tulikuwa watatu, wote wa mwaka wa tano. Tulipasua mwanzi tukapata fito nyembamba, tukafunika mabawa na karatasi, gundi tukapika ya unga wa muhogo. Bawa lilikuwa karibu sentimetre 80 tangu ncha moja mpaka ingine. Tulikuwa tunaivuta na uzi sawa tiara: mmoja anakimbia mbele na uzi, mwingine anaachilia, ndege inapanda, na ikifika juu ya kichwa cha mwenye kukimbia, uzi unateleza wenyewe ku ndoano na kuanguka. Siku nyingi ilishuka kisha segonde 20 ao 25, na sisi tulifurahi sana na hizo segonde.

Halafu ikaja Posho moja ya kiangazi. Ku mlima wa ngambo watu walikuwa wanachoma majani ya mashamba. Tulivuta modeli yetu sawa siku zote. Uzi ukaanguka, ndege ikaanza kuzunguka, mzunguko mmoja, wa pili, na tukaona haishuki. Ilikuwa inapanda. Ilipita mikaratusi ya interna, ikazunguka pamoja na majivu meusi ya moto ule, ikazidi kuwa ndogo. Mmoja wetu alikuwa na saa. Alihesabu dakika 4 na zaidi. Mdogo wake, mtoto wa masomo ya msingi, alikuwa anakimbia chini yake na kupiga kelele: «Rudi! Rudi!» Ilivuka bonde na hatukuiona tena. Tulikuwa tumeitumikia juma tatu.

Mimi nilifikiri hiyo ilikuwa bahati mbaya yetu. Kumbe ni shida ya kale ya mchezo huu, na sheria zake nyingi zimetoka ku shida ile ile.

Tuanze na ulizo la kwanza: namna gani kitu kisicho na akili kinaweza kujishika mu hewa? Mtu wa kwanza aliyelijibu vizuri alikuwa kijana Mfaransa, jina lake Alphonse Pénaud. Tarehe 18 Agosti 1871, mu bustani ya Tuileries ku Paris, mbele ya wataalamu, aliachilia ndege ndogo yenye bawa la sentimetre 45 na uzito wa gramu 16 tu. Nguvu yake ilikuwa mpira uliosokotwa, na elise (ile panga inayozunguka) ilikuwa nyuma. Iliruka segonde 11, ikaenda kiasi cha metre 40. Munaweza kucheka, modeli yetu ya mwanzi ilifanya mara mbili. Lakini mbele ya siku ile watu walikuwa wakitengeneza ndege zilizopinduka mara moja, na hawakujua sababu.

Pénaud alifanya mambo mawili. La kwanza: ku mkia aliweka bawa dogo lililoinama kidogo kuliko bawa kubwa. Sikieni vizuri hapa, kwa maana njo siri yote. Pua ya ndege ikishuka, mwendo unaongezeka. Mwendo ukiongezeka, hewa inasukuma mkia chini na pua inainuka. Pua ikiinuka sana, mwendo unapunguka, mkia unakosa nguvu, na pua inashuka tena. Ndege inajisahihisha yenyewe. Lakini uzito wake lazima ukae fasi inayofaa. Ukiwa nyuma sana, itapanda na kuanguka, itapanda na kuanguka, sawa mashua juu ya mawimbi; basi munaongeza udongo kidogo ku pua. Ukiwa mbele sana, itakwenda chini sawa jiwe. Sisi tulitumia udongo wa mfinyanzi, na siku ingine mche wa sabuni.

La pili: alikunja ncha za mabawa juu kidogo. Ndege ikilala upande mmoja inaanza kuteleza upande ule, na bawa la chini linapata hewa ya kulisukuma zaidi kuliko la juu, linainuka. Tazameni mwewe anapotulia juu bila kupiga mabawa, mutaona ncha zake.

Pénaud alikufa mwaka wa 1880, alikuwa na miaka 30. Lakini mwaka wa 1878, ku Marekani, askofu mmoja alirudi nyumbani na kitu kidogo cha kuchezea cha namna ya Pénaud, kinachoruka kwa mpira, akawapa watoto wake wawili. Watoto wale walikuwa Wilbur na Orville Wright. Mutu akiwaambia ninyi kwamba modeli ni mchezo wa watoto, mukubali, halafu mumukumbushe watoto wale.

Sasa mashindano. Mwingereza tajiri, Charles Wakefield, mwenye kompani ya mafuta ya mashini inayojulikana kwa jina la Castrol, alitoa kikombe cha feza, na tangu mwaka wa 1928 mataifa yanakishindania na ndege za mpira. Mpira huo ni uzi wa lastike, nyuzi nyingi zikiwekwa pamoja ndani ya tumbo la ndege, tangu elise mpaka nyuma. (Mpira! Neno hili wazee wa inchi yetu hawakulisikia kwa furaha. Tuendelee.) Munausokota mara mia tatu na zaidi kwa mashini ndogo ya mkono, mwenzako akishika ndege kwa nguvu. Wengine wanaingiza kwanza bomba ndani ya tumbo la ndege, na mpira unasokotwa ndani ya bomba, kwa sababu ukikatika unaweza kuvunja kazi ya miezi mingi kwa segonde moja.

Wenye kukaa inchi za mbali sana, sawa Australia na New Zealand, hawakuwa na feza za safari ya mashua. Walikuwa wanatia ndege yao mu sanduku, wanaituma pamoja na barua ya maelezo: sokota mara hizi, geuza mkia hivi. Mtu wasiyemjua, mara ingine wa taifa lingine, anaiachilia kwa jina lao. Munaona? Mu mchezo mwingine gani mchezaji anaweza kubaki nyumbani? Hapa inawezekana, kwa maana kazi yote imefanyika mbele ya kuachilia.

Sasa musikie habari ya mwaka wa 1939. Mashindano yalikuwa Bendix, mu jimbo la New Jersey ku Marekani. Dick Korda, Mmarekani, aliachilia ndege yake. Ndege ya namna ile, mpira wake unamalizika upesi, kisha inabaki kuteleza tu na kushuka. Ya Korda haikushuka. Ilikaa mu hewa dakika 43 na segonde 29. Kikombe kilikuwa chake.

Nguvu ile ilitoka wapi? Si ku mpira. Jua likipiga chini, fasi zingine zinapata moto kuliko zingine: uwanja mkavu, njia, shamba lililochomwa. Hewa ya pale inapata moto, inakuwa nyepesi, inajitosha ku udongo na kupanda sawa pofu kubwa. Mwewe wanaijua, njo maana wanazunguka bila kupiga bawa. Na sisi tuliijua siku ile ya majivu, bila kujua kama tunaijua. Lakini hewa moja ikipanda, ingine inashuka kando yake kujaza fasi. Modeli nzuri ya leo, mu hewa iliyotulia, inashuka kiasi cha sentimetre 30 tu kwa segonde. Hewa ikipanda metre moja kwa segonde, ndege itapanda hata kama yenyewe inashuka. Na ikiingia mu hewa inayoshuka metre moja kwa segonde, ufundi wote umekwisha, itakuwa chini mara moja. Ndege ni moja, mwenyewe ni mmoja, tofauti ni dakika ipi aliiachilia.

Watu walianza kusema: je, tunashindanisha mafundi ao tunashindanisha bahati? Kisha vita kuu ya pili sheria iligeuka. Waliweka mpaka: kwanza dakika 5 kwa kila mruko, kisha dakika 3. Ndege yako ikibaki juu nusu saa, utaandikiwa paka zile 3. Na lazima uruke mara nyingi siku ile ile. Mu shampiona ya leo ni mara 7, na mruko wa kwanza mara nyingi wanauongezea dakika moja. Bahati inaweza kukusaidia mara moja, haiwezi kukusaidia mara saba. Mimi naona hiyo ni sheria ya akili kabisa.

Waliendelea pia kupunguza chakula cha ndege. Mwaka wa 1954 ndege ya Wakefield iliruhusiwa gramu 80 za mpira. Ikashuka kuwa 50, kisha 40, kisha 35, na leo ni 30, na ndege bila mpira isipungue gramu 200. Kila mara watu walilia kwamba mchezo umekufa, na kila mara mafundi walitafuta mpaka wakapata dakika zao tena. Leo ndege ya mpira inapanda karibu metre 100. Mpira ukiisha, elise inakunja panga zake ku ubavu isizuie mwendo. Ndani kuna saa ndogo inayogeuza mkia na bawa kwa saa iliyopangwa: hivi kwa kupanda kwa nguvu, hivi kwa kuteleza. Mwenyewe anaipanga chini. Akikosea robo ya segonde, atalia na macho yake.

Namna ya pili ni ile yetu ya kuvuta na uzi. Ku mashindano uzi ni metre 50, ndege isipungue gramu 410. Haina mpira wala motere, iko na miguu ya mwenyewe tu. Wenye kuijua hawaachilii mara moja: ndoano yao imetengenezwa ili ndege izunguke juu ingali ku uzi, na mtu anatembea nayo uwanjani, anakimbia, anasimama, anangoja kusikia uzi ukivuta kwa nguvu. Uzi ukivuta, ni kusema hewa inapanda. Hapo anakimbia na nguvu zote na kuiachilia. Wengine wanasimamisha miti mirefu yenye utepe mwepesi kuonyesha upepo, wengine wana vyombo vya kupima joto, na wengine wanapuliza mapofu ya sabuni na kutazama kama yanakwenda juu. Mapofu ya sabuni, ndiyo! Watu wazima, wengine wenye mvi.

Waamuzi wanasimama na saa na darubini. Ndege ikijificha nyuma ya miti ao mu mawingu, wanangoja segonde 10. Isipoonekana, hesabu imekwisha. Ku mwisho wa siku, wale wote waliojaza miruko yao yote wanarudi tena kuondosheana. Muda unaongezwa duru kwa duru, wanapewa dakika chache tu za kuachilia, wote pamoja. Hapo hakuna tena kungoja hewa unayoitaka.

Lakini nilikuwa na ulizo langu mimi: ndege ikisha kupata dakika zake 3, nani anaishusha? Kama hawangepata jibu, kila mshindi angelia sawa sisi tulivyolia. Jibu lao la kwanza lilikuwa rahisi sana. Mkia unafungwa na lastike mbili: moja inauvuta chini, ingine inataka kuuinua. Ku ile ya kwanza wanapitisha utambi wa pamba unaoungua polepole. Mnapima kipande cha utambi kwa urefu wa dakika munazotaka, munauwasha, munaachilia. Utambi ukifika ku lastike unaikata, mkia unaruka juu, unasimama pembeni, na ndege inaacha kuruka. Haianguki kwa pua; inashuka ikiwa imelala, sawa sahani, na kugusa majani bila kuvunjika. Hewa inayopanda haina tena nguvu ya kuishika, isipokuwa ile kali sana.

Moto mu majani ya kiangazi, hata hivyo, si mchezo. Njo maana waliweka bomba dogo la chuma pale utambi unaposhikwa, uzimike ndani yake. Leo wengi wametupa utambi, saa ndogo njo inafungua mkia. Radio inaruhusiwa pia, lakini kwa jambo moja hilo tu: kusimamisha mruko. Ukibonyeza, mkia unafunguka na hauwezi kuufunga tena. Kugeuza ndege hata kidogo kwa radio ni marufuku. Tena ndani ya ndege wanatia kidude kinacholia ku radio, mwenyewe anakifuata mu majani na antene mkononi.

Ili kupata uwanja mkubwa wa kutosha, wanakwenda mbali: shampiona ya dunia ya mwaka wa 2013 ilikuwa Moncontour ku Ufaransa, ya 2015 karibu na Ulaanbaatar ku Mongolia, ya 2019 Lost Hills, fasi kavu ya California.

Iko jambo moja linanisikitisha. Kwa miaka mingi sheria ilitaka mwenye kuachilia awe mwenye kutengeneza. Leo, mu vikombe vikubwa vya watu wazima, munaweza kununua ndege iliyo tayari, ya kaboni, na mafundi wa Ukraine wanajulikana sana kwa kazi hiyo. Ni nzuri ajabu, na bei yake ni ajabu vilevile. Lakini mtu akiachilia ndege asiyoijua mifupa yake, sijui anatazama nini juu kule.

Na ndugu zao wa ndani ya nyumba! Ndege zile zinaruka mu jumba kubwa lililofungwa, bila upepo. Bawa ni sentimetre 55, na bila mpira sheria inataka zisipungue gramu 1,4. Kamateni karatasi moja ya kaye yenu: ni nzito kuliko ndege ile. Zamani walifunika mabawa na ngozi nyembamba waliyoifanya kwa kumwaga matone ya dawa juu ya maji. Inatandaa, inakauka, wanaiinua na waya. Mpira wake haufiki nusu gramu, na elise inazunguka polepole hata munaweza kuihesabu na macho. Inaweza kukaa juu karibu nusu saa. Ku Romania wamefanya mashindano hayo ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic, kiasi cha metre 200 chini ya udongo, kwa sababu hewa ya kule haitikisiki. Mgodi tunaujua sisi Wakongomani. Kuruka ndani ya mgodi, hapana.

Nirudi kwetu. Modeli ya pili iko tayari, bawa ni metre moja. Utambi tumeukataa, kwa sababu ya majani makavu na kwa sababu prefe wa masomo alitutazama vibaya tulipotamka neno moto. Fundi mmoja wa saa ametupatia mashini ya saa ya mezani iliyokufa nusu. Spring yake bado inafanya kazi, tumeipunguza mpaka inafungua mkia kisha dakika 2. Mara tatu imefungua vizuri, mara moja imekataa. Juu ya bawa tumeandika kwa wino mweusi jina la shule na maneno haya: «Mwenye kuiokota airudishe, atapewa sukari kilo moja.» Kilo yenyewe bado hatuna. Tutairusha Posho ya kwanza kisha mitihani, asubuhi, umande ukisha kukauka. Wanaoweza kukimbia sana waje.